Mwaliko wa Kifuko Kimoja

Soma kwa ajili ya somo hili: Mithali 1:10–19, 1 Wafalme 21:1–19, Kutoka 21:33, 34, Habakuki 2:9–15, Matendo 19:23–27, Luka 14:12–14, Luka 19:1–10.

Tumchukue kijana mmoja wa Kibaha. Ni kijana wa mfano na hatutampa jina, lakini darasa lolote la Shule ya Sabato kati ya Maili Moja na Mlandizi litamtambua. Amemaliza chuo. Kiswahili chake kimenyooka na Kiingereza chake kinatosha. Kwa miaka miwili ametembea na bahasha ya kaki kutoka ofisi moja hadi nyingine jijini Dar es Salaam, akirudi jioni kwa nauli ya kuazima. Siku ya Sabato husimama mbele ya vijana wenzake na kuongoza lesoni. Siku nyingine humsaidia dada yake kwenye kibanda cha kusajili laini na kutoa fedha kwa simu, kando ya Barabara ya Morogoro.

Kisha anapata kazi. Kazi yenyewe ni kuandika barua pepe kwa niaba ya kasino ya mtandaoni, ambayo ofisi yake hajawahi kuiona. Barua hizo haziendi kwa wachezaji. Zinakwenda kwa watu wenye watu: mwenye ukurasa wa habari za mpira, mchekeshaji anayeanza kujulikana, msimamizi wa kundi la WhatsApp la madereva wa bodaboda. Kila mmoja wao anaalikwa awe wakala. Atapewa linki yake mwenyewe, na yeyote atakayejisajili kupitia linki ile atahesabiwa kuwa wake. Kijana atalipwa mshahara mdogo, na juu yake kamisheni kwa kila wakala aliyemleta.

Baada ya mwezi wa kwanza anamfuata mzee wa kanisa baada ya ibada, chini ya mwembe, na kumwambia hivi: "Mzee, mimi sibeti. Sijawahi kuchana mkeka hata mmoja, wala simwambii mtu abeti. Namwandikia mtu mzima barua ya kumpa kazi. Kosa langu liko wapi?"

Ni swali zuri, na tusikimbilie kulijibu. Wengi wetu tungejibu kwamba kamari ni dhambi, tukaaga, tukaenda kula. Kuhusu kamari yenyewe hatuna haja ya kukawia: Kanisa letu lilitoa tamko juu yake katika Mkutano Mkuu wa Toronto, Kanada, mwaka 2000, na msimamo wake unajulikana, hata kwamba kanisa halichangishi fedha kwa bahati nasibu. Lakini kijana hakuuliza kuhusu kamari. Ameuliza kuhusu umbali. Kati yake na mtu anayepoteza fedha kuna watu wawili au watatu, hamjui mtu huyo, na hajamgusa. Je, hatia husafiri umbali gani?

Nani anayebahatisha?

Ili tulione jambo hili sawasawa, tuangalie kwanza fedha zinavyotembea. Chukua mchezo mkongwe wa kasino, gurudumu la ruleti. Lile la Ulaya lina nafasi 37, kuanzia sifuri hadi 36. Ukiweka shilingi 1,000 juu ya namba moja na namba ile ikatoka, unalipwa 35,000 na kurudishiwa 1,000 yako. Sasa tuseme umekuwa mwangalifu kuliko watu wote duniani, ukaweka shilingi 1,000 juu ya kila namba. Umetoa 37,000. Namba moja lazima itoke, kwa hiyo umeshinda bila shaka yoyote, nawe unapokea 36,000. Shilingi 1,000 imebaki mezani kwa mwenye nyumba, na itabaki kila gurudumu linapozunguka, usiku na mchana.

Kile kindege ambacho vijana wetu wanakifuata kwenye simu kimejengwa kwa hesabu ya jinsi hiyo hiyo, ila ni cha haraka zaidi. Kinapaa, namba inapanda, kinatoweka. Mzunguko unaisha kwa sekunde chache na mwingine unaanza. Hata mchezo unaorudisha, kwa wastani, shilingi 97 katika kila 100 hauko salama kwa mtu anayerudia. Akiwa anaweka tena kila alichorudishiwa, baada ya mizunguko 23 kwa wastani nusu ya fedha imekwisha. Mizunguko 23 haimalizi hata muda wa kupanga foleni ya chakula shuleni.

Kwa hiyo mwenye kasino habahatishi. Yeye ni mfanyabiashara mwenye hesabu iliyotulia kuliko ya muuza nyanya wa sokoni, maana nyanya huoza. Na wakala je? Kwa kawaida wakala hulipwa kwa njia mojawapo kati ya mbili: ama kiasi fulani kwa kila mtu aliyejisajili na kuweka fedha, ama sehemu ya mapato yaliyotokana na watu wake, asilimia 25, 30, hata 40. Mapato hayo ni nini? Ni kile walichopoteza, baada ya kutoa walichoshinda na zawadi walizopewa. Katika mipango mingine, mtu wako akishinda fedha nyingi mwezi huu, hesabu yako inakwenda chini ya sifuri na deni linahamia mwezi unaofuata. Naye aliyemleta wakala mara nyingi hupata sehemu ndogo ya mapato ya wakala yule.

Katika mnyororo huu wote, basi, anayebahatisha ni mmoja tu, naye yuko mwisho kabisa. Kijana wetu anaposema, "Mimi sibeti," anasema kweli, na kweli hiyo haimtetei. Mwenye kasino naye habeti.

Soma Mithali 1:10–19. Katika mafungu haya, nani anamwalika nani, na anaalikwa kufanya nini? Mali itakayogawanywa inatoka kwa nani?

Mara nyingi tunasoma mafungu haya tukiwaonya watoto wasiibiwe. Lakini tazama vizuri. Kijana wa Mithali haalikwi ili anyang'anywe. Anaalikwa ajiunge na wanaonyang'anya. Wanamwahidi nyumba zilizojaa na kifuko kimoja cha wote, na mwenye mali atakayeviziwa njiani anatajwa kwa haraka, bila jina, bila uso. Sulemani ametuhifadhia humu mwaliko wa kutafuta washirika. Umeandikwa kwa ufundi: unaanza na njoo, unaendelea na faida, unamalizia na udugu.

Ufundi wa barua

Kijana wetu naye ana ufundi. Barua zake za kwanza hazikujibiwa na mtu. Alijifunza. Sasa anamtaja mwandikiwa kwa jina lake, anasifu jambo moja la kweli aliloliona kwenye ukurasa wake, na ndani ya mistari mitatu anataja kiasi cha fedha. Neno kamari halimo, wala neno kubeti. Kuna "burudani", "ubalozi" na "kipato cha ziada". Kuna nafasi 20 tu, na mwisho ni Ijumaa. Baada ya siku tatu anatuma ukumbusho mfupi wa upole, na mara nyingi ukumbusho ndio unaojibiwa.

Tukumbuke pia kwamba waalikaji wa namna hii hupenda kuazima maneno ya watu wanaowaalika. Nchi yetu iliona hilo kwa DECI. Watu waliitwa "kupanda" fedha na kungoja "kuvuna", maneno tunayoyasikia kila sadaka inapokusanywa, na mwaliko ukapita kutoka benchi hadi benchi katika makanisa mengi. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi ya wakuu wake, ambao walikuwa wachungaji. Mpango ule haukuwa kasino, na sheria iliyovunjwa ni nyingine. Tunautaja kwa sababu moja: wengi waliomleta jirani hawakuwa wenye mpango. Walikuwa waumini wa kawaida waliomwalika mtu aliyewaamini.

Mzee wa kanisa, ambaye ni mtu wa busara, hakumwambia kijana aache kazi siku ile ile. Alimwomba barua moja aisome. Akaisoma mara mbili, akauliza, "Hizi nafasi 20, zikijaa mnafunga?" Kijana akacheka kidogo. Hazifungwi. "Basi ondoa." Kijana akakubali. "Na huyu aliyepata milioni tatu kwa mwezi, yupo?" Yupo, lakini ni mmoja. "Basi sema ni mmoja." Hilo nalo likakubalika, ingawa kwa uzito. Kisha mzee akamwomba aongeze sentensi moja tu: kwamba utalipwa sehemu ya fedha watakazopoteza watu wanaokuamini.

Kijana aliiongeza kweli na kuituma barua hiyo kwa msimamizi wake aione. Jibu lilirudi kabla ya saa kupita: sentensi ile itolewe, zilizobaki ni nzuri.

Hapa kuna jambo la kujadili darasani. Tangazo la duka la vitanda halifi ukiongeza ukweli kuhusu mapato ya muuzaji. Kila mnunuzi anajua kwamba muuzaji anapata faida, naye analala kitandani kwake bila kinyongo. Ndivyo ilivyo kwa kamisheni yenyewe. Kampuni ya Amazon ilianza mwaka 1996 kuwalipa watu walioelekeza wasomaji kwenye vitabu vyake, na hatuoni dhambi humo. Hata mwinjilisti wetu wa vitabu, anayepanda vilima vya Pugu na mkoba begani, anaishi kwa sehemu ya bei ya kitabu. Lakini akiondoka mlangoni, kitabu kinabaki. Mwenye nyumba amepungukiwa fedha na ameongezewa kitu. Kamisheni ya wakala wa kasino haitoki katika bei ya kitu chochote. Inatoka katika pengo.

Barua iliyosafishwa uongo wote, basi, bado ina tatizo, na tatizo hilo haliko katika maneno. Liko katika malipo. Mtu anayelipwa kwa sehemu ya hasara ya jirani yake amewekwa mahali ambapo jirani akifurahi, yeye ana deni; jirani akilia, yeye amepokea. Anaweza kuwa mpole, anaweza kumwombea. Lakini tarehe ya malipo inamtaka atamani jambo moja tu. Amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako haiwezi kutunzwa na mtu ambaye mshahara wake unapanda jirani anapoanguka, isipokuwa atamani kila mwezi kukosa mshahara.

Na ni jirani yupi anayeleta faida zaidi? Kamati ya Baraza la Malodi la Uingereza, katika ripoti yake ya Julai 2020, ilieleza kwamba asilimia 60 ya faida ya biashara hiyo nchini humo ilitoka kwa asilimia 5 ya wateja, ndio wale ambao tayari wameshikwa na tatizo la kamari au wako karibu kushikwa. Uingereza si Kibaha. Hata hivyo hesabu ya mchezo ni ile ile, na inaonyesha kwamba mteja bora wa biashara hii si yule anayecheza kidogo na kwenda zake. Ni yule asiyeweza kuacha.

Muhuri wa Ahabu

Soma 1 Wafalme 21:1–19. Orodhesha watu wote walioshiriki katika kifo cha Nabothi. Ni nani kati yao aliyemgusa?

Ahabu alilala kitandani akageuza uso ukutani, akakataa kula. Yezebeli aliandika barua. Muhuri ulikuwa wa mfalme. Barua zilikwenda kwa wazee na wakuu wa mji. Wazee wakatafuta watu wawili wasiofaa. Watu wawili wakasema uongo. Umati ukatupa mawe. Huu nao ni mnyororo, na kila pete ndani yake ingeweza kusema jambo la kweli la kujitetea. Yezebeli hakushika jiwe. Wazee walitii tu barua. Ahabu hata hakuandika.

Eliya alitumwa kwa nani? Kwa Ahabu, akiwa shambani, siku aliyoshuka kulitwaa shamba la mizabibu. Bwana hakumwuliza kama aliandika wala kama alirusha jiwe. Aliulizwa juu ya mambo mawili kwa pamoja: kuua na kumiliki. Kumiliki ndiko kulikokunja umbali wote. Aliyepokea shamba alikuwa amesimama karibu kabisa na mawe, hata kama siku yalipotupwa alikuwa ikuluni.

Ni lazima tuwe waangalifu na mfano huu. Nabothi alikataa hadi mwisho. Mchezaji wa kasino anabofya kwa kidole chake mwenyewe. Hatusemi kwamba mwandishi wa barua pepe ni mwuaji. Tunachojifunza ni jinsi Maandiko yanavyopima umbali: hayahesabu tu watu waliosimama katikati, yanatazama pia mali iliishia wapi.

Lakini amekuja mwenyewe

Hoja hii ya hiari inastahili nafasi yake, kwa sababu sisi Waadventista tunathamini sana uhuru wa kuchagua. Mtu mzima amepewa mwaliko, angeweza kukataa. Kweli. Mithali 1:10 inamwambia aalikwaye asikubali, maana yake ana wajibu wake, na hakuna awezaye kuubeba kwa niaba yake.

Sasa soma Kutoka 21:33, 34. Mtu akifungua shimo asilifunike, na mnyama wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Ng'ombe alitembea kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Mtu anaweza kujibu kwamba mtu si ng'ombe, ana akili. Ni jibu la haki kwa mwenye shimo lililo wazi. Lakini je, kwa yule aliyeweka kibao cha kuelekeza watu shimoni, akakipaka rangi nzuri, na kulipwa kwa kila anayetumbukia? Habakuki 2:15 inatamka ole juu ya anayemnywesha jirani yake. Aliyekunywa alifungua kinywa mwenyewe, na bado ole ikamwendea mwenye chupa.

Hoja ya pili ni kwamba kazi hii ina kibali. Ni kweli kwamba Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kuisimamia, na kampuni yenye leseni haivunji sheria kwa kuendesha michezo kwa watu wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Hilo linajibu swali la polisi. Halijibu swali la jirani. Na serikali zenyewe zimekuwa zikisitasita: mwaka 2019 Uganda ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya za kampuni za kubeti michezo, na Julai mwaka huo huo Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27. Baadaye mambo yalibadilika huku na huku. Mkristo anayengoja sera itulie ndipo ajue namna ya kumpenda jirani atangoja sana.

Hoja ya tatu, kwamba nisipoandika mimi ataandika mwingine, tunaipitia upesi. Kila fundi wa Demetrio angeweza kuisema (Matendo 19:23–27). Ajabu ni kwamba Demetrio alikuwa mkweli kuliko wengi wetu: hotuba yake ilianza na mapato, na mungu wake wa kike akafuata nyuma.

Hoja ya nne haisemwi kwa sauti. Ni njaa. Kodi ya chumba imefika, dada anataka mchango wake wa umeme, mama anaishi Kisarawe na dawa zake za presha hazisubiri. Tusiipuuze hoja hii kwa sababu sisi tumeshiba. Darasa lenye mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwalimu mkuu mstaafu na mkandarasi mmoja, ambalo kwa miaka miwili halikumwuliza kijana huyu anaishije, liseme polepole. Anaandika vizuri, wangapi kati yetu wamewahi kumlipa kwa kuandika? Habakuki 2:9 inamzungumzia mtu anayetafuta mapato mabaya ili aiweke nyumba yake juu, mbali na hatari. Kijana hataki ghorofa. Anataka kufika mwisho wa mwezi. Jambo hilo linabadilisha namna ya kuongea naye, ingawa halibadilishi fedha zinatoka wapi.

Maneromango

Fedha zinatoka wapi, basi? Kijana hakuwahi kuona, kwa sababu kwenye kompyuta yake kulikuwa na namba tu. Jioni moja ya msimu wa korosho ukurasa wa mpira aliouleta yeye ulionyesha mchezaji mpya aliyeweka shilingi 620,000 kwa siku tatu. Ilikuwa namba kubwa kuliko zote tangu aanze. Alifurahi. Akamnunulia dada yake chipsi kuku.

Wiki iliyofuata alikwenda kumsalimia mama yake Kisarawe, akamkuta amejifunga kanga kichwani kama mtu aliye msibani. Mjomba, kaka yake mama, analima korosho Maneromango. Mnada ulikuwa umepita, chama cha ushirika kimelipa, fedha zimeingia. Zilikuwa za bati, na za ada ya binti anayeingia kidato cha tano. Mjomba anapenda mpira. Alifuata linki kwenye ukurasa anaousoma kila siku, ukurasa anaouamini kwa habari za Simba na Yanga. Siku ya kwanza alishinda 40,000. Usiku wa tatu alikaa nje ya nyumba hadi alfajiri akitazama kindege, kila alichopoteza akikifuata kwa kingine.

Laki sita na ishirini, mama alisema. Kijana hakuhitaji kuuliza ukurasa gani.

Soma Luka 14:12–14. Katika karamu anayoielekeza Yesu, gharama inabebwa na nani, mwalikaji au mwalikwa? Linganisha na mwaliko tuliokuwa tukiuzungumzia.

Alipanda gari siku ile ile kwenda Maneromango. Barabara ni ndefu kwa mtu mwenye jambo moyoni, na alipofika jua lilikuwa limeshuka kwenye mikorosho. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekonda kidogo, amenyoa ndevu kama mtu anayetaka kuanza upya.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Afadhali umekuja." Akaingiza mkono mfukoni akatoa simu, akaifuta kioo kwa shati, akampa. "Wewe umesoma, mambo ya mtandao unayajua. Hebu niangalizie. Hawa watu, mtu akiwaandikia barua nzuri, wanaweza kunirudishia hata nusu?"

Mfukoni kwa kijana, kwenye simu yake mwenyewe, kamisheni ya mwezi ilikuwa imeingia Alhamisi: shilingi 184,000. Zaka yake alikuwa ameshaitenga kwenye bahasha, bado haijapelekwa.

Maswali ya kujadili:

Mjomba hajui. Kijana amjibu nini, na aanze na sentensi ipi? Je, ni lazima aseme yote jioni hiyo?

Soma Luka 19:8. Zakayo aliwajua baadhi ya watu aliowadhulumu, na wengine huenda hakuwajua. Kijana anamjua mmoja tu katika wachezaji wote waliopitia kwa mawakala aliowaleta. Deni lake kwa wale asiowajua analilipaje?

Mathayo 27:6 inaeleza kwamba makuhani walikataa kuzitia fedha fulani katika hazina, ingawa wao wenyewe ndio waliozitoa. Mhazini wa kanisa la Kibaha akiletewa bahasha ile, na akajua imetoka wapi, aipokee?

Mawakala wote aliowaleta bado wana linki zao, nao wataendelea kulipwa akiondoka. Ana barua zao pepe. Awaandikie nini?